Kabichi Zenu Zilibaki Kwenye Matope ya Kitale

Ndugu zangu wa jikoni Loki,

Kila mkinipigia simu hamkosi kuniuliza swali lile lile: kabichi zilikwenda wapi? Agosti ile ya 2004 mlikula dengu hadi mkaichukia, na Kapteni aliporudi kwenu na ndege karibu tupu aliwajibu neno moja tu, "Matope," akaenda kulala. Mkasema nimeziuza. Mkasema mpishi ameoa kwa kabichi. Nilicheka tu, maana hadithi yenyewe haifai kusimuliwa kwenye simu inayokatika kila dakika. Sasa kambi yetu ya misaada imefungwa, tumetawanyika kila mtu na kwao, nami nimekaa hapa Misikhu mvua ikigonga mabati, nikiwakumbuka mmoja mmoja. Basi someni wenyewe.

Mnajua nilikuwa narudi kwa ajili ya Wanjala, mtoto wa dada yangu Nekesa. Kwetu Wabukusu mvulana anayekwenda kutahiriwa huja kwanza kwa mjomba wake, ndugu ya mama, akiwa na njuga zake na watu wa kumwimbia. Mjomba huchinja ng'ombe, akamvika shingoni luliki, ukanda wa nyama ya kidari, kisha mtoto hurudi kwa baba yake jioni ile ile tayari kwa alfajiri. Kaka yetu mkubwa, aliyewavika wapwa wengine wote, tulikuwa tumeshamzika. Nilibaki mimi peke yangu. Nekesa alinipigia simu, nami nikatoka nje nyuma ya ghala la unga ili nisikie vizuri. Hakulia. Aliniuliza tu, "Usipokuja, mtoto wangu ataenda kwa nani?"

Loki: juu ya mizani ya magunia

Mtu asiyeijua Loki, kule kaskazini jangwani kwa Waturkana, atauliza kwa nini sikupanda gari. Nyinyi mnaikumbuka barabara ile ya enzi zetu: unasafiri kwa msafara wa polisi kwa hofu ya majambazi, na msafara unaondoka siku unayopenda wenyewe. Kapteni Jeet alikuwa anakwenda kuchukua mboga za kambi katika shamba moja nje ya Kitale lenye kiwanja chake kidogo cha ndege, cha udongo mwekundu wa murram. Akakubali kunibeba.

Mlikuwepo aliponisimamisha juu ya mizani ya magunia. Mlipiga makofi, wajinga nyinyi. Kapteni aliangalia mshale, akaniangalia mimi, akasema, "Mpishi, wewe huonja chakula au unakimaliza?"

Kwa ambao hamkuwahi kukaa naye, Jeet alikuwa Singasinga mzaliwa wa Kitale, kilemba cha buluu, ndevu zimeanza mvi. Baba yake aliuza vipuri vya majembe ya trekta na pampu za maji pale mjini, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kitale kabisa, cha sokoni. Alipima kila kitu: mimi, kigoda cha Kiturkana nilichomnunulia Wanjala, hata chupa yangu ya chai. Nilidhani ni uchoyo. Akanieleza tukiwa tunafunga mikanda kwamba joto huifanya hewa iwe nyepesi, na hewa nyepesi haiibebi ndege vizuri, kwa hiyo kutoka Loki lazima aondoke asubuhi. "Huku joto, kule matope," alisema. "Mimi kazi yangu ni kuhesabu mahali pa kusimama, bana. Kuruka kila mtu anaweza."

Lodwar: mwalimu na samaki wake

Lodwar tulipaswa kushuka, kuacha sanduku moja, kuondoka. Sanduku lenyewe lilitakiwa kupokelewa kwa sahihi na mtu ambaye alikuwa ameenda kunyolewa. Tukakaa chini ya bawa tukinywa chai ya maziwa ya ngamia, mbuzi wawili wamelala kivulini karibu na gurudumu kama wenye ndege. Kila nikitazama jua nilimwona Nekesa.

Ndipo akaja mwanamke mnene mchangamfu, gunia begani, harufu ya samaki mkavu ikimtangulia. Alikuwa Mwalimu Chebet, anafundisha shule ya msingi pale Lodwar, kwao Kapsokwony, anakwenda likizo. Alimwomba Kapteni lifti. Kapteni akamwambia nafasi ipo ila uzito hautoshi: achague gunia la samaki au katoni ya vitabu vyake.

Mwalimu hakufikiri hata kidogo. "Vitabu vitanisubiri," akasema, akiisukuma katoni kando kwa mguu. "Samaki hana subira."

Tulipopaa aliomba kwa sauti hadi Kapteni akamwambia Mungu amesikia. Kisha ikaja milima ya Cherangani, na nyuma ya milima, rangi ya kijani. Ndugu zangu, nilikuwa nimekaa Loki muda mrefu nikaisahau rangi ile. Mahindi yamesimama shamba kwa shamba, moshi unatoka kwenye mapaa ya nyasi, barabara nyekundu zimelowa zinameta. Nililia, sifichi. Mwalimu alinipa kipande cha samaki nitafune. Nikakitafuna.

Juu ya Kitale: nani amepanda nepia hapa?

Mvua ilikuwa imenyesha na kupita. Kapteni aliinamisha bawa kidogo, akanionyesha mji. "Unaona bati lile la kutu, karibu na ile miti? Duka la mzee wangu. Nikiwa mdogo, mvua ikianza nilikuwa nawekwa pale mlangoni kupanga ndoo za kukinga maji." Alilitazama mpaka likapita chini yetu, kisha akageuka mbele, na uso ukabadilika.

"Nani amepanda nepia kwenye njia yangu?"

Nikachungulia. Kiwanja kilikuwa mstari mwekundu katikati ya mahindi, lakini sehemu yake kubwa ya chini ilikuwa ya kijani. Kando kulikuwa na lori la shemeji yangu Barasa, mume wa Nekesa, ambaye tulikuwa tumepatana anipokee pale na Wanjala pamoja na waimbaji wake ili twende wote Misikhu. Watu wake walikuwa kama thelathini hivi. Na kila mmoja alikuwa na mzigo wa nepia, zile nyasi ndefu za kulishia ng'ombe.

Nilielewa papo hapo. Kwetu mgeni wa heshima akija wakati wa mvua hatumwachi akwame. Tunakata nepia, tunakata mabua, tunatandika kwenye matope ili gari lake lipite. Tumetandikia magari ya maharusi, tumetandikia magari ya jeneza. Siku ile walikuwa wananitandikia mimi.

Kapteni alishuka chini sana kuangalia, akapita juu yao kwa kishindo. Wakarukaruka. Akina mama wakapunga leso. Wanaume waliokuwa wamesimama wakakimbilia shambani, wakarudi na mizigo mingine.

"Wanaongeza!" akapiga kelele Kapteni. "Mpishi, watu wako wanaongeza!"

"Si wana akili," Mwalimu akasema kutoka nyuma. "Kwetu Kapsokwony pikipiki ikishindwa na mlima tunaweka nyasi, inapanda vizuri tu."

"Mwalimu, pikipiki inapanda polepole. Mimi nafika pale na kasi ambayo hujawahi kuiona kwenye gari. Matope peke yake ni sabuni. Nyasi mbichi juu ya matope ni sabuni juu ya sabuni. Nikifunga breki magurudumu yatasimama, lakini ndege itaendelea na safari yake mpaka kwa ile ng'ombe."

Kulikuwa na ng'ombe kweli, nje ya ua mwishoni mwa kiwanja, anatutazama.

Nikatoa simu. Mtandao ulikuwepo. Barasa akapokea, nikalia, "Shemeji, toeni nyasi!" Yeye chini ya mngurumo wa injini hakusikia neno hata moja. Alipayuka kwa furaha, "Tunakuona! Tunakuona, shemeji!" akakata. Nikapiga tena, nikamwona kwa macho yangu akiitikisa simu hewani kama bendera.

Kapteni alisema bila kunitazama, "Nina mafuta ya kuzunguka kidogo, na nina mafuta ya Eldoret. Ya Eldoret siyagusi. Yakibaki hayo tu, tunaenda."

Eldoret kuna lami ndefu, hakuna wasiwasi. Lakini kutoka Eldoret hadi nitafute gari, nipite Webuye kwenye mvua, nifike Misikhu, jua lingekuwa limezama na mtoto wa Nekesa amerudi kwa baba yake shingo tupu. Nilimwambia Kapteni hivyo hivyo. Akatazama chini, kwenye zile nyasi. Kisha akasema, "Mwalimu, una kalamu?"

Mwalimu Chebet aliandika nyuma ya karatasi ya mtihani, kwa zile herufi kubwa za ubaoni: TOENI NYASI ZOTE. ZINATELEZESHA NDEGE. KISHA ONDOKENI NJIANI. Akapiga mstari chini ya ZOTE mara mbili. Tukahitaji kitu kizito cha kuifungia, isipeperuke. Akafungua gunia lake, akachagua, akasita, akachagua mwingine mkubwa zaidi.

"Huyo ni wa mama mkwe," akasema kwa huzuni.

Kapteni akapita chini tena, akamtupa samaki kupitia kidirisha chake.

Chini: kushika ardhi kwa nguvu

Nilimwona kijana mmoja akimkimbilia yule samaki mbele ya wote. Nilimwona Barasa akisoma, kisha akashika kichwa kwa mikono miwili. Halafu, ndugu zangu, nikaona kitu ambacho hakijanitoka mpaka leo. Watu wote thelathini waliinama kwa pamoja. Waliokota nyasi kwa mikono, wakazikokota kwa leso, wengine wakafagia kwa matawi, wanakwenda mstari mmoja kama wanaopalilia shamba la ushirika. Tulizunguka juu yao, nami nikawa nahesabu kwa moyo wangu sehemu iliyobaki ya kijani. Jua likatoka upande mmoja wa wingu.

"Inatosha?" nikauliza.

"Bado."

Tukazunguka tena.

"Sasa?"

Alitazama kipimo cha mafuta, akatazama chini. "Upande wa juu umekauka kidogo. Nitaingia kutoka chini nikipanda kilima. Kilima kitanisaidia breki." Akaugusa ukingo wa kilemba chake. "Mtasikia inagonga. Msipige kelele. Penye maji huwezi kutua kwa upole kama bibi harusi. Ukigusa kwa woga, gurudumu linapanda juu ya maji na linaelea. Lazima ukanyage, lipasue maji, lishike ardhi."

Akakanyaga. Meno yangu yaligongana. Maji mekundu yaliruka pande zote mpaka vioo vikawa giza, mkia ukaenda kushoto, ukarudi, tukapita penye mabaki ya nyasi na nikahisi ndege yote imekuwa nyepesi, haishiki popote, muda mfupi uliokuwa mrefu mno. Kisha kilima kikatushika. Tukasimama. Mbele yetu, ng'ombe yule alikuwa bado anatutazama.

Mwalimu akasema, "Amina." Kapteni akazima injini, akafungua mkanda.

Barasa alinikumbatia na matope yake yote. "Shemeji, unisamehe bana. Ni mimi ndio nilisema tutandike. Nilikuwa nafikilia ndege ni kama rori tu."

Wanjala alikuwa nyuma yake, mrefu kuliko nilivyomwacha, amevaa shanga na njuga zake. Nilimpa mkono, yeye akanipa kigasha. "Mikono ni michafu, mjomba," akasema, akaificha nyuma.

Kapteni na kisigino chake

Sasa ndio mje kwenye kabichi zenu.

Zilikuwa tayari kwenye magunia, zimepangwa vizuri kando ya kiwanja, kabichi nzuri ambazo hamtaziona tena. Kapteni hakuzitazama. Alivua viatu, akatembea njia yote kwa miguu, kila baada ya hatua kadhaa akichimba ardhi kwa kisigino na kuangalia maji yanavyojaa kwenye shimo. Mwalimu akamfuata, watu wakawafuata wote wawili, ikawa kama maandamano. Kapteni aliporudi akatikisa kichwa.

"Matope yanashika magurudumu wakati wa kukimbia," akasema. "Yanaivuta ndege nyuma. Nikibeba zote, nafika mwisho bado niko chini."

Msimamizi wa shamba akasema kabichi zimeshakatwa, hawezi kuzirudisha shambani. Kapteni akachukua gunia moja la sukuma wiki na vitunguu kidogo. Mengine yote akayaonyesha kwa kidole, kisha akamwonyesha Barasa. "Pelekeni kwa sherehe. Zikibaki hapa zitaoza."

"Na watu wa Loki?" nikauliza, maana niliwafikiria, Mungu shahidi.

"Watu wa Loki watakula dengu."

Tulimsihi aje nasi ale nyama. Alitazama mawingu yaliyokuwa yakikusanyika upande wa Mlima Elgon, akakataa, lakini alichukua hindi moja la kuchoma mkononi mwa mama mmoja. Akapanda ndege, akaikimbiza kwa kuteremka kilima, matope yanaruka nyuma yake, anakimbia, anakimbia, na hakuna aliyepumua. Ilionekana atamaliza njia. Kisha magurudumu yakaachana na ardhi, yakapita juu ya mahindi karibu kuyagusa. Ndipo watu wakapiga kelele ambayo nadhani ilisikika mjini.

Kiwanja kile hakipo tena. Nilipita pale si zamani, ni mahindi tu na nyumba mbili za mabati. Kapteni anaishi mbali sasa, kwa watoto wake, kwenye nchi ya baridi. Msimu wa mvua hunipigia simu na kuniuliza, "Mpishi, Kitale kumelowa?" Namwambia kumelowa. Kisha naitoa simu mlangoni asikie mvua ikigonga mabati.

Kiminini hadi Misikhu: juu ya kabichi

Tulisafiri juu ya kabichi zenu. Wanjala amesimama mbele akipiga njuga, vijana wanaimba, Mwalimu Chebet anaimba nao nyimbo asizozijua. Tukapita Kiminini, tukapita Kamukuywa, akina mama wa barabarani wakitupungia. Mvua ikatukuta, hakuna aliyejifunika. Tulipofika Misikhu, Mwalimu alishuka kutafuta usafiri wa kwao mlimani. Alimpa Wanjala samaki mmoja. "Ukishapona, soma," akamwambia, akaenda zake na gunia lake.

Jua lilikuwa limebaki kidogo juu ya migomba. Mama yangu hayupo, kaka hayupo, lakini ua ulikuwa umefagiwa na ng'ombe amefungwa. Tukachinja. Nikakata ukanda wa kidari kwa mkono wangu mwenyewe.

Desturi haimruhusu mjomba kusema maneno matamu. Unamvika mtoto luliki huku unamfokea: kwetu hakuna mwoga, ukitikisika usirudi hapa. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Loki, makali, kama ya kaka yangu. Wanjala akaja mbele yangu, na sasa hakuwa na pa kuificha mikono. Viganja vilikuwa vya kijani, na vidole vimejaa mikato myembamba. Mnajua makali ya jani la nepia.

"Mikono imefanya nini?" nikamuuliza.

Alisema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie. "Ni mimi nilisema tutandike nyasi, mjomba. Baba amenibebea lawama tu. Alikataa, akasema ndege si ya kutandikiwa. Nikamwambia wewe usipofika, mimi sina mwingine."

Maneno yangu makali yote yakakimbia. Watu walikuwa wananingoja nifoke. Nikamvika ile nyama mbichi yenye joto shingoni, nikamshika mabega, nikapaza sauti kadiri nilivyoweza ili isitetemeke.

"Kesho utasimama juu ya udongo uliolowa! Anayeugusa kwa woga huteleza. Wewe kanyaga! Kanyaga kama ulivyoiona ndege ile ikikanyaga! Na usiwahi kuniwekea nyasi tena!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaitikia kwa kichwa, akageuka, njuga zikaanza, nasi tukamfuata kurudi kwa baba yake.

Kabichi zenu zilipikwa katika masufuria makubwa kule kwa Barasa, na nyama, na pilipili kidogo, na kila aliyeonja aliuliza zimetoka wapi. Niliwaambia zimetoka kwa ndugu zangu wa Loki. Wakawaombea.

Alfajiri wavulana walishuka mtoni, wakarudi wamepakwa udongo. Nekesa alikuwa ndani ya nyumba, ameshika nguzo ya katikati, kama mama wa kwetu anavyotakiwa mpaka asikie firimbi inayosema mtoto amekatwa na amesimama imara. Wanjala alisimama uani penye tope, nyayo zimezama, na hakutikisika hata kope. Firimbi ikalia. Mlango ukafunguka, dada yangu akatoka mbio, akawapita wanawake waliokuwa wanamsubiri, akawapita wazee, akaja mpaka nilipokuwa nimesimama. Akanishika mikono yote miwili, akavigeuza viganja vyangu kama anayehakikisha ni mimi kweli.

"Ulifika," akasema. Kisha ndipo akapiga vigelegele.